Likizo za Shemeji

Kwenye mazishi ya Shemeji walisimama watu saba kumsema, na wote saba wakakisema kile kijiji chake cha Uingereza. Wa kwanza akataja punda wanaotembeza watoto ufukweni. Wa pili akataja vibanda vya mbao vilivyopakwa rangi, kila kimoja na yake. Wa tatu, mwanafunzi wake kutoka Lubumbashi, akasimulia huku analia jinsi Prof wao alivyomfundisha Kiingereza kwa hadithi za bahari inayoondoka asubuhi na kurudi alasiri. Nilikaa mstari wa mbele, kitenge kichwani, nasaga meno. Hakuna hata mmoja aliyemtaja mama yake. Nami sikusimama, maana mjane wa mdogo wake marehemu hasimami makaburini kugomba. Nimerudi nyumbani, nimeweka cherehani pembeni, na sasa nasema.

Alizaliwa wapi na ukoo gani, hayo yamechapwa kwenye kile kikaratasi walichotugawia, pamoja na picha anayotabasamu. Mimi namjua kwa njia nyingine. Nilikuwa shemeji yake kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwetu Morogoro shemeji ni mtu wa kutaniwa. Nilimtania kweli, ila utani wangu ulikuwa na miiba, na yeye aliijua ile miiba inatoka wapi.

Alivaa sweta Desemba. Johannesburg inaungua, lami inanata kwenye viatu, yeye na sweta la kijivu na soksi ndani ya sandali. Jumamosi akimaliza kufundisha mjini alipanda taksi mpaka kwangu Bellevue, akanunua chipsi duka la kona, akazimwagia siki mpaka karatasi inalowa, kisha akazila nje ya mlango wangu, wima, mgongo ameupa upepo. Upepo gani? Mtaa wetu una vumbi na honi, na nyumba za zamani zilizokatwakatwa vyumba, kila chumba na familia yake. Nilimwambia, shemeji, hata ng'ombe huingia zizini kula. Akasema kule ndivyo wanavyokula. Akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, ndipo akaingia kunywa chai.

Chai yake ilikuwa vijiko vinne vya sukari, na lazima nimwekee mimi. Kijiko hakushika. Angekaa hapo na kikombe kinapoa mbele yake mpaka nimalize pindo la nguo, nije nimkorogee. Marehemu mume wangu alikuwa akicheka, anasema kaka yake amelelewa na Waingereza. Nami namjibu kwamba Waingereza wana mikono.

Misemo yake ilikuwa ya kule kule. Mvua ikitukuta tunaanika nguo, anasema, "Mvua si sababu." Maana yake, kule watu wanakaa ufukweni chini ya mvua na mikate yao, wameenda likizo, hawaondoki. Siku za Krismasi mji ukibaki mtupu, watu wote wamekwenda makwao au Durban, anasimama getini anaangalia barabara, anasema maji yametoka, yaani bahari imekupwa. Mtoto akilia kwa kuanguka anaambiwa apulize mchanga kwenye mkate wake aendelee kula. Binti yangu alikua na maneno hayo. Akiwa na miaka minane aliweza kukuchorea kijiji kizima nyuma ya daftari: barabara inayoteremka baharini, kanisa lenye mnara mfupi, duka la yule bibi mwenye koti la mvua la njano aliyemkaribisha Shemeji likizo, na mbwa wa bibi, mguu mmoja kilema. Alijua duka liliuza pipi ndefu yenye jina la kijiji ndani yake, ukiilamba mpaka mwisho jina bado lipo. Mwambie achore Morogoro sasa. Milima hajui iko upande gani.

Siku moja alimuuliza yule mbwa alikufa lini. Shemeji akafikiri sana, akasema hakufa. Mtoto akaridhika. Mimi niliona ni upuuzi wa watu wazima, nikaendelea kushona.

Basi nitoe na hili, maana linaniuma. Binti yangu anasikia Kiswahili lakini hakisemi. Namwita kwa Kiswahili, ananijibu Kiingereza, akigombana na wenzake ni Kizulu. Watoto wengi waliozaliwa huku ni hivyo, najua. Lakini wangu alikuwa na baba mkubwa wa kumsaidia. Shemeji aliletwa Morogoro na mama yake mkimbizi akiwa na miaka sita, akacheza na watoto wa Kiswahili miaka mitatu mizima kabla ya kupelekwa Uingereza. Nilimwomba, sema na huyu mtoto Kiswahili, tuwe wawili. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba kimemtoka chote, anasikitika. Nikaamini, mjinga mimi. Ingawa nikitukana kwa Kiswahili fundi bomba aliyeharibu sinki langu, nilimwona anatazama pembeni, mdomo umemcheza.

Kingine, bahari. Mtu aliyeisema bahari kila siku ya Mungu hakutaka kuiona. Mwaka mmoja mume wangu alikopa gari la rafiki yake, tukaenda Durban Krismasi, sisi watatu na Shemeji tuliyemburuta. Binti yangu hakulala kwa furaha, anakwenda kuoneshwa bahari na mwenye bahari. Tulipofika Shemeji hakushuka. Alikaa kiti cha nyuma siku nzima, vioo vimepandishwa, anasoma gazeti lile lile. Mtoto akaenda kumgongea dirisha na ndoo yake mkononi. Alimpungia. Mtoto akarudi kwangu analia, anasema baba mkubwa amemkasirikia. Nilikwenda nikafungua mlango wa gari nikamwambia yote niliyokuwa nayo, mbele ya watu na nguo zao za kuogelea. Alinisikiliza, akasema, pole shemeji, akaufunga mlango taratibu. Eish, yule mtu na upole wake! Ungeweza kumpiga na usisikie sauti.

Sasa nifike kwa mama yake, ambaye wale saba hawakumtaja.

Mama mkwe alikimbia nchi hii na wavulana wawili. Morogoro wakubwa wa harakati za ukombozi wakamwambia imepatikana nafasi moja ya shule ya bweni Uingereza, achague mtoto. Moja, na watoto ni wawili. Alinisimulia mwenyewe jinsi alivyokaa nao jioni nzima anawaangalia wanavyokula. Akamchagua mkubwa, kwa sababu alishajua kufunga kamba za viatu. Ana miaka tisa. Akamfulia nguo, akampeleka uwanja wa ndege na sweta lililofumwa na akina mama wa kambini, na hakumwona tena kwa macho yake mpaka anaingia kaburini.

Alichopata ni kadi. Kila wiki mbili tatu kadi kutoka kijijini, picha mbele, maneno machache nyuma. Hali ya hewa nzuri. Tumekula samaki. Nimepanda punda. Nipo likizo, bibi anakusalimu. Miaka ikaenda, kadi zikaja. Nilipoolewa pale nyumbani, msichana wa miaka ishirini, nilizikuta zimejaa bati la biskuti, na nyingine ukutani. Macho ya mama mkwe yalikuwa yameisha, basi kazi ya kumsomea ikawa yangu, maana nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne. Kila Jumapili ananiambia nisome, na jirani akiingia naanza upya. Alikuwa akisema, mwanangu anakula likizo kama watoto wa mawaziri. Aliyasema hayo anameza dawa, tumbo limevimba.

Niliona kitu wakati ule nikakipuuza. Picha zilikuwa za aina nne tu. Punda, vibanda, kanisa, barabara inayoteremka. Kadi zaidi ya mia, picha nne. Nikasema labda kijiji ni kidogo.

Alipozidiwa tulipeleka telegramu. Mama mgonjwa sana, njoo. Zikapita siku kumi na moja. Ikaja kadi. Punda.

Naikumbuka ile kadi kuliko cheti changu cha ndoa. Mama mkwe alisikia mguu wa mleta barua, akajiinua, akaniambia soma. Nikamsomea kwamba mwanawe anakuja. "Nakuja, Mama. Usifunge mlango." Alinifanya nirudie mara tatu. Kuanzia siku ile komeo halikuguswa. Julai, Morogoro, baridi inashuka kutoka milimani, mlango wa mbele wazi usiku na mchana, na mimi nimelala kwenye mkeka kizingitini nizuie mbwa. Akasubiri siku kumi na tisa. Kabla hajakata roho akaniambia, akikuta nimezikwa, mwambieni ameahidi, anichukue anipeleke nyumbani kwetu. Nikamwahidi nitamwambia. Mwanawe hakuja kumzika.

Haya. Mwaka uliofuata njia zikafunguliwa, wakimbizi wakarudi, tukahamia Johannesburg, na Shemeji naye akarudi kutoka Uingereza na sanduku moja. Siku ya kwanza tu mume wangu alimwambia maneno ya mama: uliahidi kwenye kadi, kamchukue. Shemeji akatazama mikono yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa miaka zaidi ya thelathini.

Kwa watu wa mume wangu, kuchukuliwa si lazima kufukua mifupa. Kuna mti wa miiba, wanaununua pale mjini kwenye soko la dawa za miti. Mtoto mkubwa wa kiume anakwenda na tawi lake mpaka mtu alipolala, anamwita, na roho inapanda kwenye tawi. Kuanzia hapo ni msafiri kamili. Anakatiwa tiketi, anapewa kiti chake, na aliyelishika tawi anamwongoza kwa maneno njia nzima: sasa tunavuka mto, sasa tunapanda mlima, shuka hapa. Mwenye tawi haongei na mtu mwingine yeyote mpaka wafike, wala mtu haongei naye. Akinyamaza sana, au akilisahau tawi mahali, mtu wake anabaki hapo njiani amepotea.

Shangazi wa Soweto, dada yake baba yao, ndiye mwenye taratibu hizi. Alimsemesha Shemeji kwa upole, akamsemesha kwa ukali. Shemeji kila mara alikuwa na mitihani ya wanafunzi, mgongo, pasipoti imeisha muda. Mume wangu alipougua alimwomba akiwa kitandani, kaka, mama asibaki peke yake kule. Shemeji akamshika mkono. Tukamzika mume wangu, tukaacha nafasi pembeni yake kwa ajili ya tawi la mama, na Shangazi akanigeukia pale pale makaburini, akaniambia amebaki mmoja tu wa kulishika. Huyu naye akifa, mama yenu harudi.

Niliivumilia miezi miwili. Jumamosi moja nikavaa vizuri, nikateremka mjini, nikapanda ngazi za lile jengo kuukuu lenye kanisa ghorofa ya tatu ambako alifundisha. Wanafunzi wake walikuwa Wakongo na Warundi, wasusi, walinzi wa usiku, fundi cherehani mmoja ninayemjua. Ubaoni alikuwa amechora punda. Punda! Nikasimama mbele ya ubao nikasema kwa Kiswahili, wote wasikie, kwamba mwalimu wao ana mama, mama yake amemsubiri mlango wazi mpaka akafa, amemsubiri tena kaburini zaidi ya miaka thelathini, na yeye anafundisha watu punda. Shemeji akafunga kitabu. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba tutakwenda likizo ikifika.

Likizo! Nilishuka zile ngazi mbili mbili. Shemasi wa lile kanisa alinifuata mpaka chini, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, ule Prof anasikiaka Swahili yote. Anakatala tu kusema." Sikuwa na nafasi ya kumsikiliza.

Lakini likizo ikafika, na yeye akaja. Tulikwenda kwa basi, siku nne, maana Shangazi alisema roho haipendi kurushwa. Tawi limefungwa kwenye shuka jeupe, bado ni mti tu. Mfukoni Shemeji alikuwa na karatasi ya maneno ya Kizulu aliyoandikiwa na Shangazi, kwa kuwa lugha ya mama yake ilikuwa imemponyoka. Alikuwa akiyakariri, midomo inacheza, na mimi nimetazama dirishani.

Makaburini Morogoro nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Nilimwonesha, maana hakuwahi kufika. Akapiga magoti na tawi, akatoa karatasi, akaitazama. Nikasema moyoni, tumekuja bure. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Mama," akasema, "ni mimi. Nimekuja kukuchukua."

Kwa Kiswahili. Kiswahili safi cha watoto wa Morogoro, kile cha kucheza gololi, hakina kutu hata kidogo. Zaidi ya miaka thelathini aliniambia kimemtoka! Binti yangu amekua bubu wa lugha yangu, na huyu bwana anacho kizima, amekihifadhi! Nilikuwa na maneno ya kumwambia pale pale juu ya kaburi, na siruhusiwi kumsemesha. Nikashika kichwa nikaondoka kwenda kusimama barabarani.

Ndivyo tulivyorudi. Viti vitatu: mimi, katikati yeye, na dirishani tawi. Mzee wa miaka sitini anaongea maneno ya mtoto wa miaka tisa. Mama, tumepanda basi, wewe kaa dirishani uone. Mama, hii ni Mbeya, kuna baridi, jifunike. Mama, hapa mpakani, usitoe mkono nje. Abiria walidhani ana matatizo, mpaka mama mmoja wa Zambia akawaambia wanyamaze, yule anamrudisha mtu.

Ni katika Zambia hiyo, mchana, barabara imenyooka haina cha kuongozwa, ndipo alipoishiwa mito na milima, akaanza kumsimulia mengine. Nami nipo pembeni yake, bega kwa bega, nasikia kila neno.

"Mama, likizo ilikuwa moja," akasema. "Wiki mbili. Yule bibi aliugua, hawakunipeleka tena. Likizo zote nilibaki shuleni, mimi na mlinzi. Bibi alikuwa amenipa boksi la kadi zilizomdodea dukani, akasema nikuandikie kila wiki. Basi nikaandika. Wewe ulifurahi, nikaendelea."

Moja. Nilihesabu miaka kwa vidole, pale kwenye kiti. Tangu miaka tisa mpaka mwanamume wa ishirini na tano, wiki mbili. Koti moja la njano, mbwa mmoja asiyekufa. Mtoto amekaa kwenye bweni tupu anaandika hali ya hewa nzuri. Nilitafuta wa kumkasirikia. Nikawakasirikia wakubwa waliompa mama nafasi moja wakarudi kulala, nikamkasirikia mama mkwe, Mungu anisamehe, nikawakasirikia hata punda. Ndipo akasema lililobaki.

"Telegramu niliipata. Nilikuwa naosha masufuria jikoni hospitali, sina pasipoti, sina hati ya nchi yoyote. Niliona haya. Nikakuandikia kwamba jua linawaka. Sikuandika kwamba nakuja, Mama. Ulingoja maneno ambayo siyo yangu. Lakini nimekuja."

Hakugeuka kunitazama. Aliendelea kumwonesha mama yake mahindi yaliyokuwa yanauzwa barabarani.

Sasa mnajua, kwa hiyo niseme na mimi. Ile kadi ilisema jua linawaka, nitaandika tena. Basi. Mama mkwe amejiinua kwenye mto, mifupa mitupu, uso wote umekuwa masikio, ananiambia soma. Ningemsomea jua? Nilifungua mdomo yakatoka yale. Mlango niliuongeza mwenyewe. Na nilipoona anasubiri, siku ya tano, ya kumi, sikuweza kuyameza. Akafa kwenye upepo wa mlango niliouacha wazi mimi kwa mdomo wangu. Mume wangu, ambaye kadi alizisikia kwangu tu, sikumwambia. Nikamwacha Shemeji abebe ahadi isiyo yake, na kila alipokula chipsi zake nje nikamchukia kwa kuivunja. Kumchukia kulinisaidia nisijitazame.

Tulipofika Chirundu, kwenye Zambezi, Shemeji alibanwa haja. Mwanadamu ni mwanadamu. Akanipa tawi kwa ishara, akaenda. Na sheria ni hiyo, aliyelishika lazima aseme naye. Nimesimama pale kwenye foleni ya malori, mama mkwe mikononi mwangu, mara ya kwanza tangu nimfunike uso. Hii ndiyo nafasi, sema. Nikafungua mdomo.

"Mama," nikasema, "jua kali leo. Watu ni wengi."

Nikarudia. Jua kali, watu wengi, mto umejaa. Mpaka aliporudi akalichukua, hakuna kingine nilichoweza kumwambia.

Mpakani kwenye mto Limpopo ofisa mmoja mzee alinyoosha kidole kwenye shuka, akasema mimea haivuki. Shemeji hawezi kumjibu, anamwambia mama yake asiogope. Nikamwambia yule mzee, ni mama yetu. Akalitazama tawi, akavua kofia, akamwamkia mama mkwe kwa lugha yake, akatupisha. Jumamosi tukamlaza Johannesburg pembeni ya mwanawe mdogo. Shangazi akasema imetosha, Shemeji anaweza kusema na watu.

Jumapili akaja kwangu. Hakununua chipsi. Akaingia moja kwa moja, akakaa, na akanisalimu kwa Kiswahili, mbele ya binti yangu, ambaye aliacha simu yake ikaanguka. Nilikuwa nimelitoa bati la biskuti. Nilikuwa nimepanga kuanzia mbali, nikashindwa.

"Shemeji, yale maneno ni mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyorudi. Mdogo wangu aliniambia mama alivyoisikia kadi. Kadi niliiandika mimi, nilijua imesema nini. Na msomaji alikuwa mmoja."

Miaka yote hiyo! Nikamuuliza mbona hakuyakana yale maneno. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Akaitafuta ile ya punda kwenye bati, akaipata, akaigeuza.

"Ningeyakana," akasema, "basi mama alikufa hamngojei mtu. Nitajie, shemeji. Neno kwa neno, ulivyomsomea."

Nikamtajia. Nakuja, Mama. Usifunge mlango. Akachukua chaki yangu ya kushonea, akaona haifai, binti yangu akampa kalamu. Akaandika chini ya lile jua lake, herufi ndogo, akapuliza wino ukauke. Akanirudishia. Ninayo hapa, ilikuwa kwenye mkoba wangu wakati wale saba wanasema.

"Bado una hasira?" akaniuliza.

"Bado."

"Haya," akasema.

Nikamletea chai, nikaiweka mbele yake, nikarudi kwenye cherehani. Sukari alijiwekea mwenyewe.